Orodha Niliyoituma Saa Tatu Usiku

Miaka miwili iliyopita, saa tatu usiku, nilituma orodha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Ilikuwa orodha ya wanafunzi wa Kidato cha Pili waliotarajiwa kwenda ziara ya mafunzo katika kisiwa cha Saanane, na kwa kuwa nilitaka kuonekana mwalimu makini, nilikuwa nimeipaka rangi: kijani kwa waliomaliza mchango, njano kwa waliolipa nusu, nyekundu kwa ambao hawakuwa wameleta hata shilingi. Niliona kazi imekwisha, nikaweka simu kwenye chaji na kulala.

Asubuhi yake mtoto mmoja aliyekuwa ameshika simu ya mama yake alipiga skrinshoti, akakata mstari mmoja mwekundu wenye jina la binti mmoja, akaubandika juu ya picha ya binti huyo iliyotoka kwenye statasi ya dada yake, akaandika chini "Mdaiwa Sugu" na kuigeuza stika. Kufikia mwisho wa wiki stika ile ilikuwa imezunguka kwenye simu za nyumbani za nusu ya kata. Shule yetu hairuhusu mwanafunzi kuja na simu, na kwa muda mrefu nilidhani kanuni hiyo ndiyo ukuta wetu. Siku hizo nilijifunza kwamba ukuta ule unaishia getini. Binti hakuja shule kwa siku nane, na kwenye ziara hakwenda, ingawa mzazi mmoja alijitolea kumlipia.

Mimi sikulaumiwa na mtu. Aliyetengeneza stika aliitwa, akaadhibiwa, akaomba radhi mbele ya mwalimu wa nidhamu, na suala likafungwa. Aliyetoa malighafi hakuulizwa.

Nayakumbuka haya kwa sababu mwezi Februari mwaka huu shule yetu ilialikwa kwenye kongamano la siku moja la wanafunzi kuhusu kuzuia uonevu wa mtandaoni, jijini Mwanza, katika wiki ya Siku ya Mtandao Salama, ambayo huadhimishwa duniani kila Jumanne ya wiki ya pili ya Februari. Mkuu wa shule alinikabidhi mimi maandalizi yote, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa malezi na ushauri. Wanafunzi walikuwa 48, mchanganyiko wa Kidato cha Tatu na cha Nne, wa bweni na wa kutwa. Sisi tuko upande wa Sengerema, kwa hiyo kati yetu na ukumbi palikuwa na Ghuba ya Mwanza, na swali la kwanza, kama ilivyo kwa kila msafiri wa huku, lilikuwa tuvukeje.

Njia ni mbili. Kivuko cha Kamanga hukushusha katikati ya jiji, karibu kabisa na tulikokuwa tunakwenda. Njia ya pili ni kuzunguka kwa barabara hadi Busisi, kuvuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 19, 2025, kisha kupitia Usagara, Buhongwa, Mkolani na Nyegezi hadi mjini. Kivuko kilikuwa na watetezi wake kwenye kikao, na hoja zao hazikuwa mbaya: foleni ya magari kuanzia Buhongwa asubuhi si jambo dogo, na kivuko kina ratiba. Lakini ukanda huu una kumbukumbu yake. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, ikibaki safari fupi tu kufika Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018, karibu kabisa na Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa wakiwa wanaiona nchi kavu. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba kupita kiasi. Sikusema kwamba kivuko cha Kamanga si salama. Nilisema kwamba watoto 48 wa watu wengine, walio wengi hawajui kuogelea, wakishushwa garini na kuchanganyika na abiria, mizigo na pikipiki kwenye sitaha, wanahitaji walimu wengi kuliko niliokuwa nao. Hapo ndipo hesabu ilipoamua, tukachagua daraja.

Kisha ikaja hesabu ya viti. Mwenye magari alikuja shuleni na dereva wake, mtu mchangamfu, akaniambia, "Mwalimu, hawa ni watoto, wembamba, Coaster moja na nusu inawatosha. Hao wengine tutawapakata." Nilimwuliza nusu ya Coaster inaendeshwaje, tukacheka, lakini sikulegeza. Mei 6, 2017, huko Karatu, basi dogo lililokuwa limewabeba wanafunzi wa shule ya msingi kwenda kufanya mtihani wa majaribio katika shule nyingine lilitumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Ile nayo ilikuwa safari ya mafunzo, ya siku moja, ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo tulikodi Coaster mbili, kila mtoto na kiti chake, na siku mbili kabla ya safari magari yalikaguliwa na askari wa usalama barabarani: matairi, breki, bima, na leseni za madereva kuona kama zina daraja la kubeba abiria. Gharama ilipanda. Nilipendelea kubishana na wazazi kuhusu elfu tatu za ziada kuliko kuzungumza nao juu ya jambo jingine lolote.

Watu wazima tulikuwa sita, mimi na walimu wengine wanne pamoja na matroni, kila mmoja na watoto wake wanane ambao alitakiwa kuwajua kwa sura na si kwa karatasi tu. Wanafunzi walipangwa wawili wawili, na kila mmoja alijua kwamba kazi yake ya kwanza siku hiyo ni kujua mwenzake yuko wapi. Vituo vya kuhesabiana vilikuwa vinne: kabla ya kuondoka, tukiingia ukumbini, baada ya chakula cha mchana na kabla ya gari kuwashwa kurudi. Kila mtoto alikuwa na kipande cha karatasi mfukoni chenye namba yangu na ya ofisi ya shule, bila jina lake. Aliyepotea alielekezwa asimame pale pale alipo na amwombe askari au mama mwenye duka ampigie. Mimi nilibeba simu yangu na kitochi kimoja chenye vocha na chaji ya wiki nzima, kwa sababu simu kubwa zina tabia ya kuzimika siku unapozihitaji. Kibali kutoka kwa Afisa Elimu kilichukua wiki moja. Kuhusu ziwa, sheria ilikuwa moja na haikujadiliwa: hakuna kuingiza mguu majini, hata kwa kunawa, kwa kuwa kichocho kwenye kingo hizi hakimsubiri mtu aogelee.

Hadi hapo nilikuwa mwalimu yeyote anayepanga ziara. Kilichonikwamisha kilikuwa orodha.

Kati ya wale 48 mmoja ana selimundu, ugonjwa ulioenea sana Kanda ya Ziwa, na baridi au ukosefu wa maji mwilini vinaweza kumletea maumivu makali ndani ya saa chache. Wawili wana pumu. Mmoja ana kifafa, na wenzake wa darasani hawajui. Watu wazima watano waliokuwa wakisafiri nami walihitaji kujua nini cha kufanya. Lakini nilipofungua kompyuta kuandika majedwali, nikajikuta naandika safu ya "Ugonjwa" kando ya safu ya "Mchango", nikaondoa mkono kwenye kibodi. Ilikuwa orodha ile ile ya rangi, safari hii ikiwa na mambo mazito zaidi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za watoto na za miamala ya fedha kuwa nyeti, na za afya vilevile. Maana yake ni kwamba orodha yangu ya Saanane ilikuwa imevuka mstari mara mbili kabla ya mtoto yeyote kuigusa, na mimi nilikuwa sijui hata kwamba upo mstari. Safari hii tuligawa. Mhasibu peke yake ndiye aliyejua nani amelipa na nani bado, na pengo alilifidia kwa fedha zilizochangwa na wazazi wenye uwezo bila kuambiwa wanamsaidia nani. Taarifa za afya ziliandikwa kwa mkono kwenye bahasha mbili, moja kwa kila gari, zikafungwa, na kila mwalimu aliambiwa kwa mdomo tu habari za wale wanane wake. Orodha ya majina ya kuhesabia ilikuwa na majina basi, hakuna safu ya pili. Mtoto wa selimundu aliambiwa avae sweta na abebe chupa mbili za maji, na ili asionekane wa pekee, tuliwaambia wote wavae sweta na wabebe chupa mbili za maji. Malalamiko ya joto niliyoyasikia Nyegezi siku ile bado yananichekesha.

Barua kwa wazazi zilikuwa za karatasi, zikapelekwa na watoto na kurudishwa zikiwa na saini au dole gumba. Zilieleza tunakwenda wapi, kwa njia ipi, tunarudi saa ngapi, nani wa kupigiwa, na jambo ambalo barua za ziara kwa kawaida haziandiki: huko mtoto wako atasikia nini. Baba mmoja alikuja mwenyewe. Alitaka kujua kama tunawapeleka watoto wakafundishwe kutukanana kwenye simu. Nilimsomea ratiba yote, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi mwalimu, muwaulize hao wenye kongamano na sisi wazazi tunajifunzia wapi, maana stika tunazituma sisi." Alitia saini na kuondoka. Nilikaa na sentensi ile siku nzima.

Picha ndizo zilizochukua muda mrefu kuliko barabara. Waandaaji walitutumia fomu ya kukubali wanafunzi wapigwe picha na video kwa ajili ya kurasa zao za mitandaoni, na hawakuwa na nia mbaya, kwa kuwa shirika linaloomba fedha za wafadhili linahitaji kuonyesha ukumbi uliojaa. Lakini fikiria mtoto ambaye picha yake tayari ilishawahi kugeuzwa kichekesho, akapigwa nyingine akiwa ameketi chini ya bango lenye maneno "uonevu wa mtandaoni". Anayetaka kumcheka amepata malighafi mpya. Wazazi kumi na mmoja walikataa picha. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuwafunga hao utepe mwekundu mkononi ili mpiga picha awaruke. Nilimweleza dada mkuu, naye akaniangalia kwa heshima na huruma, akasema, "Madam, watu watauliza kwa nini fulani ana nyekundu."

Nyekundu tena. Niliandika kwa waandaaji kwamba shule yetu nzima haitapigwa picha za sura, kwamba tutakaa pamoja upande wa kushoto, na kwamba kama picha ni ya lazima ipigwe kutoka nyuma, beji za shule zisionekane. Walikubali bila ubishi. Walimu nao tulikubaliana kwamba hakuna atakayeweka mtoto yeyote kwenye statasi yake siku hiyo, na makubaliano haya ndiyo yaliyonung'unikiwa kuliko yote, kwa kuwa mwalimu aliyevaa vizuri mbele ya daraja jipya naye ni binadamu.

Lilibaki jambo la binti. Sasa yuko Kidato cha Nne, na jina lake lilikuwa miongoni mwa 48. Mkuu wa shule alipendekeza, kwa nia njema, kwamba waandaaji wanatafuta mwanafunzi wa kutoa ushuhuda, na kwamba shule yetu inaye. Nilimwomba Mkuu anipe siku moja. Nilimkuta binti akifua, nikachuchumaa kando ya beseni, nikamwambia kwamba nafasi hiyo ipo, kwamba akisema hapana hakuna atakayejua kuwa aliulizwa, na kwamba anaweza pia kubaki shuleni bila kutoa sababu. Alisuuza shati mara mbili kabla ya kujibu. Alisema anataka kwenda kama watu wengine wanavyokwenda. Nilimrudishia Mkuu jibu kwamba hatuna mtoa ushuhuda, naye hakuniuliza zaidi, jambo ninalomshukuru hadi leo.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Darajani watoto waliomba tusimame, tukakataa, wakajibana upande mmoja wa madirisha kuliangalia ziwa, nasi tukawarudisha vitini. Ni urefu wa kilomita zipatazo 3 tu, lakini wako watoto ambao tangu wazaliwe walikuwa wakipavuka pale kwa kivuko, na ukimya ulioingia garini haukuwa wa kuamriwa. Foleni ilitukuta Buhongwa kama ilivyotabiriwa.

Kongamano lenyewe lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia, hasa pale lilipoacha hotuba. Mwanasheria kijana alieleza kwamba kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia msongo wa moyo, na kwamba adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ukumbi ulipiga mluzi. Kisha akasema jambo ambalo naona lina uzito kuliko faini: usifute. Mtoto aliyetukanwa hukimbilia kufuta, na mzazi humsaidia kufuta, wakadhani wamejisafisha, kumbe wamempunguzia mzigo aliyetuma. Hifadhi ujumbe, tarehe na namba, mzuie mtu huyo asiendelee kukufikia, kisha mwambie mtu mzima. Na kama ni picha ya utupu ya mtoto, usiisambaze hata kwa nia ya kuomba msaada, hata kwa mwalimu. Ipeleke simu yenyewe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, haikatwi salio. Niliwaona watoto wangu wakiiandika viganjani kwa kalamu.

Kulikuwa na dakika moja mbaya. Tulikuwa tumekubaliana na waandaaji kwamba maswali yataandikwa kwenye vipande vya karatasi bila majina na kutumbukizwa kwenye sanduku. Mshereheshaji alisahau, au alisisimka, akauliza kwa sauti ya furaha, "Haya, nani hapa amewahi kufanyiwa? Mikono juu!" Mikono michache ya shule nyingine ikapanda, na pamoja nayo simu za wageni wa mstari wa mbele. Nilisimama, nikatembea hadi jukwaani, nikamnong'oneza. Alijirekebisha vizuri, akaomba simu zishushwe, akaleta sanduku. Wanane wangu niliwaangalia mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa ameinua mkono, na binti alikuwa akiandika.

Chakula kilikuwa wali, maharage na sato wa kukaanga, na mtoto mmoja alikwamwa na mwiba akaokolewa kwa tonge kubwa. Saa tisa alasiri tulihesabiana, tukawasha magari, na kabla ya giza kuingia kila mzazi wa mtoto wa kutwa alikuwa amempokea mtoto wake mkononi kwa mwalimu na si barabarani. Bahasha mbili za afya zilirudi zikiwa hazijafunguliwa, nikazichoma jikoni kwa mpishi.

Baada ya siku tatu waandaaji waliniletea vipande vya karatasi ambavyo muda haukutosha kuvijibu, vile vilivyotoka upande wetu wa ukumbi. Vilikuwa kumi na saba. Vingi viliuliza kuhusu akaunti bandia, na kama polisi wanaweza kumjua mtu aliyebadilisha laini. Kimoja kiliandikwa kwa wino wa bluu, mwandiko wa kulala kidogo: "Kama aliyeanzisha ni mwalimu, tunamripoti kwa nani?"

Nilikuwa na madaftari ya Kidato cha Nne mezani kwangu, rundo zima, ya kusahihisha. Ningeweza kulinganisha mwandiko ndani ya dakika kumi. Niliyapeleka madaftari yale kwa mwalimu mwenzangu, nikamwomba anisahihishie wiki hiyo, nami nisahihishe ya kwake.

Jumatatu nilimwomba mwalimu wa zamu nafasi mstarini. Nilisoma maswali yote kumi na saba, hilo nikaliweka la tano, ili lisiwe la kwanza wala la mwisho. Nilijibu kwamba wanamripoti kwa Mkuu wa shule. Kama wanamwogopa Mkuu, kwa mwalimu wanayemwamini au kwa mzazi. Na kama hao wote wameshindikana, kwa 116. Kisha nikawaambia kwamba miaka miwili iliyopita, saa tatu usiku, nilituma orodha yenye rangi.

Upepo ulikuwa mwingi asubuhi ile, na wa nyuma walilalamika kwamba hawasikii. Niliirudia kwa sauti zaidi, kisha nikaendelea na swali la sita.